Mshindi Amepangwa, Umati Haujapangwa

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 14, 2025, nilikuwa macho nyumbani Mabatini, Mwanza, simu mkononi, nikimtazama mwanamieleka John Cena akipanda ulingoni mara ya mwisho. Kule Washington, Marekani, pambano lilipokuwa, ilikuwa bado Jumamosi usiku. Gunther, lile pande la mtu kutoka Austria, alimkaba shingo kwa nyuma, akambana, Cena akachomoka, akambana tena. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulimjua Cena kama mtu asiyesalimu amri. Hata fulana zake zilikuwa zinahubiri hivyo. Safari hii alitabasamu kidogo, kisha akagonga mkono, ishara ya kusalimu amri. Kengele ikalia. Wapo waliolia ukumbini, wapo waliozomea. Mimi nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka, nikavua jezi yangu ya kijani ya Cena na kuikunja vizuri.

Asubuhi ile niliulizwa swali moja na watu wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda pale kijiweni: "Kaka, unahuzunika nini wakati hata refa alishajua nani anashinda?" Wenzake wakacheka. Wa pili alikuwa mpwa wangu wa darasa la sita. Yeye hakucheka. Alikuwa ameona kipande cha video kinachoonyesha jinsi ngumi zinavyorushwa bila kutua, akanijia na uso uliovunjika moyo: "Mjomba, kumbe wanaigiza?"

Naandika kumjibu huyu wa pili, maana swali lake ni zito na jibu lake halitoshi kwa ndiyo au hapana.

Tuanze na lisilo na ubishi. Mshindi anapangwa. Kabla ya pambano, wanamieleka wote wawili wanajua nani atainuliwa mkono, na wanajua watamalizaje. Hii si siri aliyoivujisha mtu mtandaoni juzi. Mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Marekani ya WWF, ambayo leo ni WWE, ilijieleza mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, si mashindano ya michezo. Ilitaka kuondokana na kodi na usimamizi wa tume za michezo. Kabla ya hapo, kuficha mpango ilikuwa sheria ya ukoo. Wenyewe wanaiita keifebu: steringi na adui hawakutakiwa kuonekana wakila meza moja hata nje ya kazi, na mwenye mguu uliovunjwa ulingoni alichechemea mpaka sokoni. Kodi ndiyo iliyofungua mlango ambao kiapo kilikuwa kimeufunga.

Nimesema steringi na adui, na maneno hayo tunayo sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza. Ulilipa sarafu yako, ukakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, jasho likikutiririka, na kabla mkanda haujafika dakika ya tano umeshajua nani steringi na nani adui. Mieleka ya kulipwa imejengwa juu ya mgawanyo huohuo. Kila mwanamieleka amepewa upande. Steringi anapigana kwa haki, adui anavuta nywele refa akiwa amegeuka. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye sinema steringi akishachaguliwa amechaguliwa. Kwenye mieleka anaweza kuamka asubuhi akawa adui, na adui akageuka steringi, na mara nyingi anayesababisha ni yule aliyekata tiketi. Nitalirudia hili, maana ndilo fundo lenyewe.

Kwanza nimalize suala la maumivu, kwa sababu hapo ndipo watu wa kijiweni wanapokosea zaidi. Kupanga mshindi si kupanga mwili usiumie. Ulingo ni fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Mwanafunzi wa mieleka hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kupiga: kidevu kifuani, mgongo wa juu utangulie, mikono ipige turubai ili kishindo kisambae. Anaanguka hivyo mara nyingi mno kwa mwaka, na hakuna mgongo wenye subira isiyo na mwisho. Kofi la kifuani nalo ni kofi kweli. Ukimtazama Gunther akimpiga mtu kifuani, ule wekundu unaobaki haujapakwa rangi. Ngumi ya usoni inapungiwa nguvu, goti linasimama kabla ya kufika, lakini viti vile ni vya chuma, na tangu 2010 WWE imepiga marufuku kumpiga mtu kiti kichwani kwa sababu ubongo haujui kwamba pambano limepangwa.

Juni 28, 1998, mjini Pittsburgh, Undertaker alimrusha Mankind, jina lake halisi Mick Foley, kutoka juu ya kizimba cha chuma chenye urefu unaokaribia mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Kuanguka kule walikubaliana. Baadaye, katika pambano lilelile, paa la kizimba likafumuka chini ya Foley naye akadondoka hadi ulingoni. Hilo hawakulipanga. Mwaka uliofuata, Mei 23, 1999, Owen Hart alikuwa anateremshwa kwa kamba kutoka paa la ukumbi wa Kansas City, akaanguka na kufa. Mtangazaji Jim Ross ilibidi awaambie watazamaji wa nyumbani kwamba kilichotokea si sehemu ya onyesho. Hebu fikiria uzito wa kuyatamka maneno hayo kwa watu waliozoea kuamini kwamba kila kitu ni sehemu ya onyesho.

Mwanza ni mji wa mawe. Tulipokuwa wadogo tulipanda mawe ya mlimani tukajirusha juu ya wenzetu kama tulivyoona kwenye televisheni, na rafiki yangu mmoja alivunjika mfupa wa bega. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu jambo moja kabla ya mengine yote: hawa ni watu waliosomea kuanguka, na bado wanavunjika.

Ndiyo maana refa ni mtu muhimu kuliko anavyoonekana. Kazi yake haiishii kuhesabu moja, mbili, tatu mabega ya mtu yakiwa yamebanwa chini. Sikioni ana kifaa kinachompa maelekezo kutoka nyuma ya pazia: muda uliobaki, mabadiliko yaliyotokea. Anayafikisha kwa wapiganaji akijifanya anamkagua aliyelala. Anauliza kwa sauti ya chini kama mtu yuko salama. Akiinua mikono na kuikunja kama alama ya X, mara nyingi ujue madaktari wanaitwa kweli. Na kati ya mwanzo na mwisho uliopangwa, wapiganaji wenyewe hunong'onezana hatua inayofuata. Wenye uzoefu hubadilisha njia nzima katikati ya pambano. Wanafanya hivyo wakisikiliza nini? Wanasikiliza watu.

Hapa nimwite shahidi wa nyumbani. Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unafika Kisesa, na pale Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Kila mwaka katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, baada ya mavuno, kunakuwa na Bulabo, mashindano ya ngoma. Wanaoshindana ni vyama viwili vikongwe, Wagika na Wagalu, vilivyoasisiwa na Ngika na Gumha, watu wawili waliotunishiana misuli kwa dawa na ngoma. Utaratibu wao ni huu: makundi mawili yanacheza wakati uleule, kwenye uwanja uleule, kila moja upande wake. Hakuna majaji wenye kalamu. Umati uko huru. Ukivutiwa na upande huu unakuja, ukichoshwa unahamia ule. Anayebaki na watu wengi ameshinda. Ndiyo maana wanaleta majoka hai, wanarusha majembe angani na kuyadaka, wanachonga vinyago vinavyocheza, na wanatafuta dawa ya mvuto kwa waganga. Kila mmoja anajua mwenzake atacheza lini na wapi. Hakuna ajuaye watu wataelekea wapi.

Nilipomweleza mpwa wangu hivyo, macho yalimfunguka. Nilimwambia: hakuna mtu anayeondoka Bujora akisema ngoma ile ilikuwa ya uongo kwa sababu wachezaji walifanya mazoezi. Ushindani upo, ila si ule unaoutafuta wewe. Unatafuta nani ana nguvu kuliko mwenzake. Wao wanashindania watu.

Tena mieleka imewahi kupigana Ugika na Ugalu waziwazi. Kuanzia Septemba 1995, kampuni pinzani ya mieleka ya WCW ilirusha kipindi chake cha Nitro Jumatatu usiku, saa zilezile za kipindi cha Raw cha WWF. Ngoma mbili, usiku mmoja, na mtazamaji ana rimoti. Julai 7, 1996, Hulk Hogan, steringi wa watoto wa dunia nzima, alipanda ulingoni kama anayekuja kuokoa wenzake wa WCW, kisha akawageuka. Watu walitupa takataka hadi zikajaa ulingo. Nitro iliishinda Raw kwa wiki 83 mfululizo. WWF ilijibu kwa wanamieleka kina Stone Cold na The Rock, umati ukarudi, na Machi 2001 ikainunua WCW yenyewe. Mapambano ya miaka ile, karibu yote, mshindi wake alipangwa. Lakini vita ya makampuni yale mawili haikupangwa na mtu, na aliyeshindwa alipoteza kazi kweli. Leo ngoma ya pili inapigwa na kampuni ya AEW, iliyoanzishwa 2019, na mimi kama shabiki naomba isizimike, kwa sababu WWE ikicheza peke yake uwanjani hulegea.

Sasa turudi kwenye nguvu ya aliyekata tiketi. Januari 2014 kwenye Royal Rumble, kinyang'anyiro cha WWE cha watu 30 wanaoingia ulingoni kwa zamu, watu walimtaka Daniel Bryan, mtu mfupi mwenye ndevu ambaye wakubwa hawakumwona kama sura ya kampuni. Hakuwekwa kabisa kwenye kinyang'anyiro. Namba 30, nafasi ya mwisho, ilipotoka na kuwa Rey Mysterio, umati ukamzomea hata Mysterio, mtu anayependwa na kila mtoto. Batista akashinda huku akizomewa. Kampuni ikageuza mpango, na Aprili 6, kwenye WrestleMania ya 30, onyesho kubwa kuliko yote la WWE kwa mwaka, mjini New Orleans, Bryan alimpiga Triple H, kisha akawapiga Randy Orton na Batista usiku uleule na kuondoka na mkanda wa ubingwa.

Miaka mitano baadaye Bryan huyohuyo alikuwa adui mwenye mkanda, na hapa ndipo nilipo na deni la moyo. Kofi Kingston amezaliwa Ghana. Alipoingia kwenye televisheni mwaka 2008 walimtambulisha kuwa ni Mjamaika, eti ndiyo ingeuzika. Akafanya kazi miaka kumi na moja akishika mikanda ya kati, akishangiliwa, akirudishwa nyuma. Februari 2019 mwenzake Mustafa Ali aliumia, Kofi akawekwa kujaza nafasi. Akapigana zaidi ya saa nzima usiku mmoja na wapinzani waliopokezana. Watu wakaona mtu anayestahili, wakaanza kuimba jina lake kila mji. Mpango haukuwa yeye. Umati ukafanya uwe yeye. Aprili 7, 2019, kwenye WrestleMania ya 35 huko New Jersey, alimshinda Bryan na kuwa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika, wanawe wakaingia ulingoni kumkumbatia. Kwetu jina lake maana yake ni kibao cha shavuni, na nakumbuka kibanda kizima siku ile kilivyokuwa kinapiga kelele, "Kofi! Kofi!", hata mama muuza chapati akaja kuuliza nani anapigwa. Oktoba 4 mwaka huohuo mkanda ukachukuliwa na Brock Lesnar ndani ya sekunde chache. Hilo sijalisamehe hadi leo. Mtu aliyebebwa na watu miezi yote hiyo hakustahili kutolewa kama anayefutwa ubaoni.

La 2024 mnalikumbuka. Cody Rhodes, mtoto wa mwanamieleka mkongwe Dusty Rhodes ambaye hakuwahi kuupata mkanda wa ubingwa wa WWE, alishinda Royal Rumble, kisha wiki iliyofuata akaonekana kumwachia nafasi yake The Rock. Mashabiki waligoma. Wakaimba wanamtaka Cody, mitandao ikawaka. Ndani ya siku chache hadithi ikageuzwa: Cody akarudi kwenye nafasi yake, The Rock akamchapa kofi mbele ya waandishi wa habari na kuwa adui. Aprili 7, 2024, mjini Philadelphia, Cody alimwangusha Roman Reigns aliyekuwa bingwa kwa siku 1,316. The Rock ni nyota wa sinema, alikuwa na cheo ndani ya kampuni, na bado uwanja ulimshinda.

Ukiyashika hayo, mwaka wa mwisho wa Cena unaeleweka. Machi 1, 2025, mjini Toronto, alimkumbatia Cody, kisha akampiga chini ya mkanda wa suruali. Steringi mkubwa wa kizazi chetu amekuwa adui! Sikulala. Aprili 20 kwenye WrestleMania ya 41 huko Las Vegas alimpiga Cody kwa hila na kuchukua ubingwa wa 17, akiipita rekodi ya 16 iliyohesabiwa kwa Ric Flair. Kwenye karatasi ilikuwa hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba The Rock, aliyeianzisha, hakuonekana WrestleMania. Tena watu waliokuwa wamenunua tiketi walikuja kumuaga baba yao, na mtu anayeaga humzomei kwa moyo. Walimzomea kwa adabu tu, kama wanaotimiza wajibu. Kufikia SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWE, mwanzoni mwa Agosti, Cena alikuwa amerudi kuwa steringi, akampa Cody mkanda wake baada ya pambano ambalo naliweka kati ya mazuri ya mwaka. Mimi nasema walikosea kumgeuza na walifanya vyema kukubali.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni pale kweli inapofinyangwa ndani ya hadithi. Big E, rafiki wa Kofi katika kundi la New Day, alivunjika shingo kweli Machi 2022, akaacha kupigana. Desemba 2, 2024, katika maadhimisho ya miaka kumi ya kundi, alikuja kusherehekea nao. Kofi na Xavier Woods wakamwambia aliwatelekeza. Wakamfukuza. Maneno yale yaliandikwa, lakini shingo haikuandikwa, na ule ukimya uliokuwa ukumbini kabla ya kuzomea haukuandikwa. Mpwa wangu aliniuliza kama Kofi ni mtu mbaya. Nikamwambia hapana, ni fundi, na Big E alikubali kutumia jeraha lake kuwapa wenzake kazi ya kuishi nayo.

Hilo ndilo linaloniongoza kwenye usiku ule wa Desemba. Triple H, anayesimamia hadithi za WWE siku hizi, alipotokea baada ya pambano alizomewa vibaya. Watu walitaka Cena aondoke mshindi. Naielewa hasira yao, niliihisi. Lakini mieleka ina mila ya kale kuliko Triple H: anayeondoka hupigwa. Flair alipigwa na Shawn Michaels 2008. Undertaker, aliyekaa mapambano 21 ya WrestleMania bila kushindwa, alimpa Lesnar ushindi ule 2014, hata kabla hajaaga. Sifa ya mwanamieleka ni mali, na haizikwi naye. Anayeaga huchagua wa kumwachia. Cena alivua viatu na vitambaa vyake vya mkononi akaviacha katikati ya ulingo, lakini alichokuwa ameshakitoa kilikuwa kikubwa kuliko viatu. Alimpa Gunther kile alichokataa kumpa mtu miaka yote hiyo, kugonga mkono, mbele ya watu waliompenda. Ningependa angeangushwa kwa hesabu ya tatu, bila kusalimu amri. Hapo bado nabishana na rafiki zangu wa Kirumba, na sijashawishika.

Jioni ya Jumapili ile nilimaliza maelezo yangu, chai imepoa, mpwa wangu amekaa kwenye kigoda. Nikamuuliza sasa amekubali kwamba Gunther alijua atashinda.

"Nimekubali, Mjomba."

Kisha akainuka kwenda kuoga, akageuka mlangoni, uso umekunjamana kweli.

"Lakini Gunther simpendi. Simpendi kabisa. Siku akipigwa uniamshe, hata kama ni usiku."